Mwanafunzi akiugua kabla ya bumu kuingia

Bumu linapokaribia kuisha, hosteli za vyuo vyetu hubadili saa za kula. Chai ya asubuhi hufutwa. Chakula cha mchana husogezwa hadi saa tisa au saa kumi ili kimvushe mtu mpaka kesho yake, na wanafunzi wenyewe huita hiyo pasi ndefu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwa na mtoto chuoni, bumu ni fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mnufaika kwa mafungu. Kiwango chake kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Fungu la siku 60, kwa anayepata kiwango kamili, ni Sh600,000. Humo humo mtu alipie chumba, ale, apande daladala, anunue bando la kusomea, atoe kopi, na kama nyumbani ameacha wadogo zake wanaosoma, atume chochote.

Husemwa sana kwamba wanafunzi humaliza bumu kwa simu na starehe. Wapo wa namna hiyo, lakini leo naandika juu ya yule anayeipangia fedha yake mpaka siku ya mwisho, halafu siku ya 50 anaamka na homa. Katika mpango wake wote hakuna mahali palipoandikwa matibabu. Akitoa fedha ya dawa, anaitoa kwenye sahani yake.

Na wala si yeye aliyesahau kupaandika. Ukisoma mchanganuo wa mkopo anaopewa mwanafunzi utakuta chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mambo sita, yote ya lazima. Afya haimo. Bima ya mwanafunzi hulipwa kwa njia nyingine kabisa, kwa fedha ya mfukoni, na kwa miaka mingi imekuwa Sh50,400 kwa mwaka kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Hiyo ni sawa na chakula na malazi ya siku tano.

Waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970 na 1980 hawakuwa na hesabu hizi. Serikali ilibeba ada, chakula, malazi, nauli ya kwenda na kurudi likizo, na mwanafunzi akiugua alitibiwa. Walikuwa wachache sana, na hilo tusilifiche. Nchi ingeshindwa kuwabeba maelfu wa leo kwa utaratibu ule. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, mizigo ile ilianza kurudishwa kwa mzazi, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Upande wa pili, sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilikuwa imeshapita mwaka 1999, na huduma zikaanza 2001 kwa watumishi wa umma. Wanafunzi waliingizwa baadaye. Kwa hiyo mkopo ukakulia wizara ya elimu, bima ikakulia wizara ya afya, kila kimoja na fomu zake, tarehe zake na namba yake ya malipo. Mwanafunzi ndiye mahali pekee vitu hivi viwili vinapokutana, na vinakutania mfukoni mwake.

Tumfuate kijana mmoja kutoka kijijini, wa wilaya yoyote utakayo. Baba yake ni mkulima. Kama kaya imejiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, inalipa Sh30,000 kwa mwaka na watu sita wanatibiwa, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa kwa rufaa. Mwaka ambao kijana anaomba mkopo, baba huyo huyo anatafuta Sh30,000 nyingine ya kuombea tu. Juu yake kuna kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na saini ya wakili au hakimu. Kuomba mkopo wa mtoto mmoja kunaigharimu kaya hii zaidi ya kutibu watu sita mwaka mzima.

Halafu chuo kinafunguliwa. Majina ya wanufaika hutoka kwa awamu, na kuna kijana anayeripoti chuoni akiwa hajui kama jina lake litatoka awamu ya pili, ya tatu, au litabaki kwenye dirisha la rufaa. Siku ya usajili anadaiwa malipo ya mwanzo, na moja ya karatasi zinazotakiwa ni kadi ya bima au risiti ya kuilipia. Hapo wazazi huuza mbuzi, au mama huenda kwenye kikoba. Nasema hili kwa heshima kwa sababu wanafanikiwa. Kijana anasajiliwa, kadi anaipata. Penye hatari zaidi ni mwaka wa pili na wa tatu. Kadi ni ya mwaka mmoja. Inakwisha wakati ambao mzazi anaamini mtoto ameshasimama kwa sababu ana mkopo, na mtoto anaamini hataugua kwa sababu ana miaka 21.

Bumu nalo lina tabia zake. Kwa wanaoendelea na masomo, Bodi hulipa baada ya chuo kuthibitisha kwamba mwanafunzi amefaulu kwenda mwaka unaofuata. Chuo kikichelewa kupeleka matokeo, fedha inachelewa. Serikali za wanafunzi katika vyuo vingi zina waziri wa mikopo, na kazi yake kubwa ni kushinda kwenye ofisi ya afisa mikopo akiulizia wanafunzi ambao bado hawajasaini fedha zao. Wiki mbili za kuchelewa, kwa mtu mwenye afya, ni pasi ndefu, maandazi ya kukopa kwa mama ntilie, na uvumilivu. Kwa mgonjwa ni jambo jingine.

Jioni moja nilisimama kwenye duka la dawa maeneo ya Changanyikeni, nyuma ya Mlimani, mahali ambapo nyumba nyingi zimekatwa vyumba vya wanafunzi. Mbele yangu alikuwa binti amebeba begi la kompyuta.

"Dada, naomba azuma."

"Unaumwa nini, mdogo wangu?"

"UTI. Nilishawahi kupima, dalili nazijua."

"Ni vidonge vitatu, elfu tatu."

Alitazama simu yake kidogo. "Nipe kimoja kwanza. Bumu likiingia nitakuja kumalizia."

Muuzaji hakumkatalia papo hapo. Alimuuliza kama ana kadi ya bima. Anayo. Basi kwa nini asiende zahanati ya chuo? "Kesho nina testi saa mbili asubuhi, dada, na foleni ya pale ni ya kushinda." Muuzaji akachukua mkasi, akakata karatasi ya dawa, kidonge kimoja kikaingia kwenye bahasha ndogo ya kaki.

Dakika mbili hizo zina mengi ndani yake. Kidonge kimoja hakitibu. Kinaua vimelea dhaifu na kuwaacha sugu, na azuma yenyewe, ambayo ni antibiotiki, wala si chaguo la kwanza kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Binti hakupimwa. Kadi yake ya Sh50,400 ilikuwa kwenye begi, imelipiwa, haina kazi, kwa sababu kuitumia kulihitaji asubuhi nzima ambayo hakuwa nayo. Wala sina ubavu wa kumlaumu muuzaji peke yake. Maduka ya dawa muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasia wapate dawa bora kwa mtu aliyefundishwa, na kwa mitaa ya wanafunzi ndiyo yamekuwa daktari wa kwanza, wa jioni, asiyeuliza kitambulisho.

Ukiuliza wauzaji wa mitaa hiyo wanafunzi hununua nini, utasikia dawa za maumivu, hasa diklopa, dawa za UTI, dawa ya mseto ya malaria, P2 ya kuzuia mimba kwa dharura, na dawa za vidonda vya tumbo. Angalia ya kwanza na ya mwisho. Ndani ya diklopa kuna diklofenaki, dawa inayojulikana kwa kuumiza ukuta wa tumbo, hasa ikimezwa mara kwa mara bila usimamizi. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ana kipimo chake na dozi yake, na dawa ya kutuliza asidi haimuui. Lakini mwanafunzi aliye kwenye pasi ndefu anameza diklopa kwa maumivu ya mgongo wa kukaa maktaba, tumbo likiwaka ananunua ya kutuliza, na mzunguko huo unaweza kumaliza muhula mzima bila mtu yeyote mwenye koti jeupe kumwona.

Kuna hasara nyingine ya duka la dawa ambayo wanafunzi huigundua wakiwa wamechelewa: halitoi cheti cha ugonjwa. Aliyekosa mtihani kwa kuugua anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani maalumu bila kuhesabiwa amefeli, lakini lazima awe na karatasi ya mganga wa chuo au ya hospitali inayotambulika. Aliyejitibu chumbani kwake kwa kidonge cha bahasha hana ushahidi. Somo linaandikwa sifuri au hajafanya, anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu ikimshinda anakariri, na anayekariri mwaka hatimizi lile sharti la kufaulu kwenda mbele ambalo bumu lake linategemea. UTI ya elfu tatu inaweza kufika huko. Sisemi kwamba hufika kila mara, lakini njia ipo wazi na hakuna aliyeweka kizuizi.

Wapo ambao ugonjwa kwao si ajali ya siku ya 50. Kila mwaka nchini wanazaliwa watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye selimundu, na kwa kuwa matibabu yameboreka, wengi zaidi wanakua, wanafaulu kidato cha sita na kufika chuoni. Mwanafunzi mwenye selimundu akipangiwa chuo cha Mbeya au Iringa, baridi ya Juni na Julai ni jambo la kitabibu kwake, kwa sababu baridi huchochea maumivu. Anahitaji blanketi zito, maji ya kutosha, asidi ya foliki, na kwa wengine haidroksiyurea kila siku. Anahitaji chumba karibu na darasa. Vyote hivyo ni fedha, na vyote havimo katika yale mambo sita ya mkopo.

Mwenye kisukari anayechoma insulini yuko pabaya zaidi kwenye wiki ya mwisho ya bumu. Akichoma kipimo chake cha kawaida asile, sukari inashuka, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia. Asipochoma ili alinganishe na njaa, sukari inapanda na mwili unaanza kujitia sumu. Kwa kijana huyu chakula cha saa moja asubuhi ni sehemu ya dawa, kama ilivyo sindano yenyewe. Na insulini inataka ubaridi. Hosteli ngapi zina friji ambayo mwanafunzi anaweza kuweka dawa akaikuta? Wengine huiweka kwa mama mwenye genge la vinywaji, kati ya soda na maji, na huenda wakakuta genge limefungwa.

Sasa mtazame kijana huyu anapoomba mkopo. Vigezo vya uhitaji vinamtambua yatima kwa hati ya kifo cha mzazi. Vinamtambua mwenye ulemavu, au mtoto wa mzazi mwenye ulemavu, kwa barua ya Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa. Vinaitambua kaya maskini inayosaidiwa na TASAF. Hivi ni vigezo vya haki na nisingependa hata kimoja kiguswe. Lakini mzazi aliyelala kitandani mwaka wa tatu kwa figo, ambaye ng'ombe wake wameisha kwenye usafishaji damu, hana nafasi kwenye fomu mpaka afe. Mwombaji mwenyewe mwenye ugonjwa wa maisha, kama hana ulemavu unaoonekana, anahesabiwa kama mzima. Na ofisi ya Mganga Mkuu ipo, mhuri upo, utaratibu wa barua upo. Kinachokosekana ni swali moja kwenye fomu.

Ugonjwa ukimzidi, kijana anaruhusiwa kuahirisha masomo. Ni utaratibu wa kibinadamu, ila muda wote wa kuahirisha bumu halilipwi kwa kuwa hayupo masomoni. Yaani msimu ambao ana gharama kubwa kuliko yote ndio msimu ambao hana kipato hata kidogo. Anarudi nyumbani, kwenye ile kaya ya Sh30,000.

Ndiyo maana vyuoni kuna mfumo wa tatu ambao haumo kwenye sheria yoyote. CR, kiongozi wa darasa, anaandika kwenye kundi la WhatsApp: mwenzetu amelazwa, tuchange chochote kupitia namba hii. Orodha inaanza kushuka, jina na kiasi, 500, 1,000, 2,000, mmoja anaweka 5,000 na wenzake wanamwekea alama ya mikono ya dua. Jumuiya za dini, za Waislamu, za Wakatoliki, za Walokole, zina mtu wa kupeleka uji wodini kwa zamu. Nimeona orodha hizi na zinanigusa kila mara, kwa sababu ni watu wa pasi ndefu wanaomchangia mgonjwa. Lakini mchango hupata nguvu kwa anayejulikana, mwenye marafiki, wa darasa kubwa. Mwanafunzi mpole wa mwaka wa kwanza aliyetoka mbali, ambaye hata jirani yake wa kitanda cha juu hajui jina lake la pili, halipiwi na orodha. Anayeumwa akili ndiye hachangiwi kabisa, kwa sababu hasemi, na wenzake humwona mvivu wa vipindi hadi siku anapoacha kutoka chumbani.

Bima yenyewe nayo ina sifa zake nzuri, na lazima zitajwe. Kadi inafanya kazi nchi nzima. Mwanafunzi wa ualimu akipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo Kigoma au Mtwara, akipata malaria kali, analazwa kwa kadi ile ile, na kwa mtu asiye na ndugu katika mji huo hilo ni kubwa mno. Kwa upasuaji wa dharura wa kidole tumbo, Sh50,400 huwa imejilipa mara nyingi kwa usiku mmoja. Imewahi pia kuyumba: kitita kipya cha mafao kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi ziligomea viwango vya malipo na kuacha kupokea kadi, na aliyezoea kwenda kituo cha binafsi karibu na hosteli alijikuta mlangoni. Hospitali za umma ziliendelea. Somo la mwezi ule kwa vyuo lilikuwa kuimarisha zahanati zao wenyewe, ziwe na saa za jioni, ziwe na dirisha la dawa linalofunguliwa baada ya vipindi. Binti wa Changanyikeni angekuwa na pa kwenda saa mbili usiku.

Fedha ya kurekebisha jambo hili, kwa kumlipia kila mnufaika bima, ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Bajeti ya mikopo ya mwaka 2024/25 ilikuwa Sh787 bilioni, kwa wanafunzi wapatao 245,000. Ukizidisha idadi hiyo kwa Sh50,400 unapata zaidi kidogo ya Sh12 bilioni. Haifiki hata asilimia mbili ya bajeti. Bodi ingeweza kuilipa bima hiyo moja kwa moja kwa Mfuko, kama inavyolipa ada moja kwa moja kwa chuo, na mwanafunzi asiiguse. Kadi ya mwaka wa pili ingejihuisha yenyewe siku jina linapothibitishwa. Mwenye kadi kupitia kwa mzazi mtumishi angeweka alama kwamba haihitaji.

Najua pingamizi lake, kwa sababu nimelisikia kwa wahitimu wenyewe: tunaongezewa deni. Wana haki ya kulihofia. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na ilichukua miaka ya malalamiko mpaka mwaka 2021 ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia sita na adhabu ya asilimia 10 zikafutwa. Lakini bima ya miaka mitatu ni Sh151,200. Kwa anayedaiwa mamilioni ya ada na chakula, hicho ni kipande kidogo, na ni kipande pekee cha deni ambacho kingezuia vipande vingine vipotee kwa mtu kuahirisha au kukariri. Kwa wenye magonjwa ya kudumu ningekwenda mbali zaidi: hiyo isiwe mkopo, iwe ruzuku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tayari inakubali kwamba wasio na uwezo walipiwe kupitia mfuko maalumu. Mwanafunzi wa kaya ya TASAF mwenye selimundu haachi kuwa wa kaya ile kwa kupanda basi kwenda Dodoma.

Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na kabla yake Bodi hutoa mwongozo mpya. Huo mwongozo hubadilika karibu kila mwaka, ndivyo Sh8,500 ilivyofika Sh10,000. Jambo la saba kwenye mchanganuo, yaani bima, na swali moja la ugonjwa wa kudumu lenye nafasi ya mhuri wa Mganga Mkuu, vinaenea katika ukurasa uliopo sasa.